Mkojo umepungua, mbona hasafishwi damu?

SWALI: Baba yetu, kilo 70, yuko ICU hapa Mombasa kwa maambukizi yaliyoingia kwenye damu. Siku ya kwanza alipewa dripu nyingi, sasa zimekatizwa na mkojo ni kidogo mno. Ndugu zangu wanataka asafishwe damu leo leo, au apigwe Lasix, dawa ya kukojoza. Je, anapuuzwa?
Binti wa mgonjwa, Likoni

JIBU: Pole sana, dada. Kwa kilo zake, mkojo ukiwa chini ya mililita 35 kwa saa, kwa saa 6 mfululizo, figo zimeumia. Lakini kwanza mpira wa mkojo ukaguliwe. Ukijikunja chini ya paja au ukizibwa na damu iliyoganda, mfuko hubaki mtupu na kibofu kimejaa tele.

Kukatiza dripu si kupuuza. Mwanzoni mgonjwa kama huyu hupewa takriban mililita 30 kwa kila kilo ndani ya saa 3, kwa baba ni lita 2 na ushei. Baada ya hapo maji yasiyohitajika huishia mapafuni, na figo zenyewe huvimba zikakosa damu. Presha ikikataa kupanda, hupewa noradrenalini, dawa ya kupandisha presha, mpaka wastani wake ufike 65.

Lasix hutoa maji tu, figo haiziponyi. Aliyevimba itamfaa, aliyekaukiwa itamzidishia.

Kusafisha damu hakungojwi iwapo potasiamu, madini yaliyo kwenye damu, imepita 6.5 na haishuki kwa dawa, asidi imezidi kwenye damu, maji ya mapafuni hayatoki, au taka zimemvuruga akili. Pasipo hayo, kungoja huku akipimwa kila siku ni sawa kabisa. Utafiti mkubwa wa STARRT-AKI, uliotolewa 2020, ulionyesha kwamba kuwahi mashine ya kusafisha damu hakukupunguza vifo, na waliobaki wakiitegemea siku ya 90 walikuwa wengi zaidi. Mashine pia huweza kushusha presha, figo zikaumia upya.

Msaada wenu mkubwa uko nyumbani: mpelekeeni daktari dawa zote alizokuwa akitumia, hata za mitishamba na za maumivu za dukani. Diklofenaki na ibuprofeni huziumiza figo sana wakati huu, na enalapril, dawa ya presha, kwa kawaida husimamishwa kwa muda. Kila asubuhi ulizeni potasiamu, kreatinini (taka ya damu inayoonyesha figo zinavyofanya kazi), na hesabu ya maji yaliyoingia na kutoka kwa saa 24. Akiruhusiwa, kreatinini ipimwe tena baada ya miezi 3, hata akijihisi mzima.