Re: Kupumua taratibu na neva ya vagusi, kweli kunatuliza wasiwasi?

Umeuliza kama ni kweli au porojo tu, ndugu yangu hiyo neva ya vagusi, yaani mshipa wa fahamu, ipo kabisa, inatoka kwenye shina la ubongo inashuka shingoni mpaka moyoni, mapafuni na tumboni, na nyuzi zake nyingi zinapeleka habari juu kwa ubongo, sio kushusha amri, ndo maana tumbo na hisia vinaenda pamoja. Jaribu hivi, shika mapigo kwenye kifundo cha mkono, vuta pumzi kawaida afu itoe polepoleee, utasikia mapigo yanapunguza kasi pale unapotoa, hiyo ndo vagusi kazini. Endelea dakika 5 hivi. Vile vifaa vya kubandika sikioni vya kuchochea neva hiyo kwa umeme mi nisingevikimbilia. Na kama huzuni imekuganda wiki 2 nzima, hulali wala huli, nenda kamuone daktari, pumzi peke yake haitoshi hapo.