Whack, thud, bang: sikiliza mkia wa neno

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Natafsiri hadithi za picha za watoto kutoka Kiingereza. Kila ukurasa kuna anayepigwa: whack, smack, thud, bang. Kote nimeandika “paa!” na mhariri amenirudishia kazi akisema vipigo vyote vinafanana. Kwani kwa Kiingereza havifanani?
– Mtafsiri aliyechoshwa na vipigo

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mhariri yuko sahihi, ingawa nakuhurumia. Wengi husikiliza mwanzo wa maneno haya, kumbe habari yenyewe imekaa mkiani.

Tamka whack. Irabu ni fupi, kisha k inaikata hewa ghafla. Kipigo kimetua na kimekwisha. Ndivyo zilivyo pia smack na crack, ila smack ni ya kiganja kwenye ngozi (au ya midomo ya mtu aliyeshiba), na crack ni ya kitu kikavu: mjeledi, tawi, risasi inayopita. Sasa tamka thud. Irabu imezama, na d haina ukali wa k. Hapo kitu kizito kimeangukia mahali laini, wala hakuna mwangwi. Thump ni jamaa yake, ngumi mgongoni au moyo wenye hofu, na mp inafumba midomo kama kwamba sauti imefunikwa blanketi.

Bang ni tofauti kabisa. Ng ya mwisho hutokea puani na inaweza kuvutwa, kwa hiyo mlango umeshafungwa na nyumba bado inalia. Ndiyo maana vyuma navyo vimepewa mkia huohuo: clang, ping. Ukikutana na sh, kama katika crash, smash na bash, tarajia vipande kutawanyika au kitu kubondeka.

Usiifanye kanuni, lakini. Back na sack zina k na hakuna aliyeguswa. Ferdinand de Saussure, mwanaisimu wa Uswisi, aliionya dunia mapema katika mihadhara iliyochapishwa 1916, baada ya kifo chake. Alitaja fouet, neno la Kifaransa la mjeledi. Ukilisikia utaapa kwamba ni mlio wa kiboko, kumbe limetokana na fagus, jina la Kilatini la mti. Sikio letu hupenda kusikia kinachotarajiwa. Hata hivyo namwona Saussure aliyapuuza mno maneno ya aina hii. Mwandishi wa hadithi za picha huyachagua kwa sikio, na mtoto huyasoma kwa sauti.

Kwa nini basi “paa!” yako imeshindwa? Silabi zetu hupenda kuishia kwenye irabu, kwa hiyo hatuna k wala d ya kuufungia mlio. Tunachoweza ni kuivuta irabu au kuikata: pa! si sawa na paaa! (Waingereza nao huvuta wakitaka. Roy Lichtenstein alipochora ndege ya kivita ikilipua nyingine mwaka 1963, aliiita Whaam!, kwa a mbili. Picha iko katika jumba la sanaa la Tate, London.) Lakini nguvu yetu kubwa iko kwenye kitenzi. Kiingereza hulifanya neno la mlio kuwa kitenzi papo hapo, sisi huweka kitenzi mbele na tanakali nyuma yake. Smack: alimzaba kibao, pa! Thud: gunia lilianguka pu! Bang ya mlango: aliubamiza. Crack ya mjeledi: ulialika, na hapo huhitaji tanakali yoyote. Thump ya ngumi: alimtwanga. Pale mchoraji alipoacha neno peke yake hewani, bila sentensi, nafasi ni finyu na “pa!” au “pu!” itakutosha, mradi usizichanganye. Kitu kikianguka majini, chubwi! imekaa tayari inakungoja.

SWALI: Mwalimu, kama knock inaiga mlio wa kugonga, mbona k yake haitamkwi?
– Msomaji wa kidato cha tatu

JIBU: Ilitamkwa. Katika Kiingereza cha kale neno lilikuwa cnocian, na k ilisikika kabla ya n, kwa hiyo mlio uligonga mwanzo na mwisho. Wajerumani hadi leo huitamka k ya Knie, goti. Waingereza waliiacha k hiyo kufikia karne ya 17 au baadaye kidogo, pamoja na ile ya knee na knife. William Caxton alikuwa ameshaanza kupiga chapa vitabu Westminster mwaka 1476, maandishi yakazoeleka hivyo, na k ikabaki kwenye karatasi.