Maswali ya Wasomaji: Picha ya Kamera ni Sanaa au ni Ushahidi?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa historia katika shule ya sekondari mkoani Tanga. Napenda kutumia picha za zamani darasani, lakini mwenzangu anayefundisha uchoraji ananikatalia. Anasema mpiga picha huchagua pembe, mwanga na hata mavazi, kwa hiyo kazi yake ni sanaa, na sanaa haiwezi kutoa ushahidi. Mimi nashikilia kwamba kamera huona kilichopo, basi. Nani yuko sahihi?

JIBU: Ndugu Mwalimu, ubishi wenu una umri unaokaribia ule wa kamera yenyewe, na ulipofikishwa mahakamani haukupelekwa na wasanii wala wanahistoria, bali na wafanyabiashara waliogombania fedha. Mwaka 1862, mjini Paris, studio ya Mayer na Pierson iliwashtaki watu walionakili na kuuza picha zake, mojawapo ikiwa ya Cavour, mwanasiasa mashuhuri wa Italia. Kwa kuwa sheria ililinda kazi za sanaa, wenye studio walilazimika kuthibitisha kwamba picha si zao la mashine na dawa tu. Walishindwa mwanzoni, wakakata rufaa, wakashinda, na kundi la wachoraji, Ingres akiwa miongoni mwao, likatia saini tamko la kupinga picha kuwekwa daraja moja na kazi zao.

Hoja iliyonyooka zaidi ilitolewa Marekani. Mpiga picha wa New York, Napoleon Sarony, alimpiga picha mwandishi Oscar Wilde mwaka 1882, na kampuni moja ya uchapaji ikatoa nakala 85,000 bila idhini yake. Kampuni ilijitetea kwa maneno yanayofanana na yako: kamera imenakili kilichokuwapo, sasa mtunzi ni nani? Mwaka 1884 Mahakama Kuu ya Marekani ilimpa ushindi Sarony, kwa sababu ndiye aliyemkalisha Wilde, akachagua mavazi na mapazia, akapanga mwanga na kivuli hadi akapata sura aliyoikusudia. Utaona kwamba mambo yaleyale yaliyomfanya Sarony awe mtunzi mbele ya majaji ndiyo yanayomfanya mwenzako aikatae picha kama ushahidi.

Kwa maoni yangu, nyote wawili mnadai mno. Picha kupangwa hakuifutii ushahidi; kunakulazimisha kuuliza ni ushahidi wa jambo gani. Chukua mfano wa Hippolyte Bayard. Mwaka 1839 serikali ya Ufaransa iliununua uvumbuzi wa Daguerre, Mfaransa mwenzake aliyebuni njia nyingine ya kupiga picha, kwa kumpa pensheni ya faranga 6,000 kila mwaka, ilhali Bayard, aliyekuwa amebuni njia yake ya kupata picha moja kwa moja kwenye karatasi na kuonyesha kazi zake hadharani mwezi Juni mwaka huohuo, aliambulia faranga 600 za vifaa. Mwaka uliofuata alijipiga picha akiwa kifua wazi, ameegemea upande, macho ameyafumba, na kofia ya majani imetundikwa kando yake. Nyuma ya picha aliandika kwamba huo ni mwili wa Bayard, aliyejitosa majini kwa sababu serikali iliyompa Daguerre mengi ilidai haina la kumfanyia yeye. Uso na mikono vinaonekana vyeusi kuliko sehemu nyingine za mwili, na Bayard, kwa kejeli, akaeleza kwamba vimeanza kuoza. Mtu huyo alifariki mwaka 1887. Ukiitumia picha hiyo kama ushahidi wa kifo, umedanganywa. Ukiitumia kama ushahidi wa manung'uniko ya mvumbuzi aliyeachwa nyuma, ni vigumu kupata hati iliyo wazi kuliko hiyo. Kumbuka pia kwamba uongo wenyewe uko zaidi katika maandishi kuliko katika picha.

Kwa darasa lako ningependekeza picha ya Dorothea Lange ya mwaka 1936, iliyo maarufu kwa jina la Mama Mhamiaji. Lange alikuwa ameajiriwa na idara ya serikali ya Marekani kuonyesha hali ya wakulima na vibarua wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, kwa hiyo kazi aliyotumwa ilikuwa ya kukusanya kumbukumbu. Karibu na Nipomo, California, katika kambi ya wachuma njegere, alimkuta mama na watoto wake kwenye hema, akampiga picha kadhaa huku akizidi kumsogelea. Katika ile iliyovuma, watoto wawili wamegeuza nyuso, mchanga amelala mapajani, na mkono wa mama umegusa shavu. Magazeti ya San Francisco yalipochapisha habari hiyo, chakula cha msaada kilipelekwa kambini, lakini familia ile ilikuwa imekwisha kuondoka.

Baadaye Lange alitaka kidole gumba kilichoshika nguzo ya hema, kwenye kona ya chini, kifutwe katika negativu kwa kuwa kilimharibia mpangilio, jambo lililomuudhi mkuu wake, Roy Stryker, aliyeziona picha hizo kuwa nyaraka za umma. Hata hivyo, kidole hicho sikihesabu kuwa kosa kubwa. Upungufu mkubwa zaidi ni kwamba Lange hakuuliza jina la mama huyo. Lilijulikana mwaka 1978: Florence Owens Thompson, mwenye asili ya Wacherokee, mojawapo ya jamii za wenyeji asilia wa Marekani, asili ambayo maelezo ya picha hayakuitaja. Alilalamika kwamba picha hiyo haikumpatia hata senti moja. Wape wanafunzi picha bila maelezo yoyote, waandike wanachokiona, kisha wasomee maelezo hayo na uwaulize wamebadilisha nini.

SWALI: Bibi yangu alipigwa picha studio katika miaka ya 1950, amevaa saa na ameegemea redio. Wazee wanasema nyumbani hapakuwa na saa wala redio. Je, picha hii ina thamani yoyote ya kihistoria? (Msomaji wa kike, Mombasa)

JIBU: Inayo, dada yangu, tena kubwa. Kuazima vifaa studio kulikuwa jambo la kawaida katika miji mingi ya Afrika. Mjini Bamako, nchini Mali, mpiga picha Seydou Keïta, aliyefungua studio mwaka 1948, aliwawekea wateja saa, kalamu, redio, suti na hata pikipiki. Wateja walilipa ili waonekane kama walivyotaka kuonekana, na matamanio hayo ni sehemu ya historia ambayo haiandikwi katika daftari la kodi. Picha hizo, zilizotengenezwa kwa ajili ya kupelekewa jamaa na kuwekwa nyumbani, zilianza kutundikwa katika kumbi za sanaa za New York na Paris miaka ya 1990.

Keïta pia anatupa njia ya kukadiria tarehe. Pazia lake la kwanza lilikuwa shuka ya kitanda chake, na kwa kuwa alibadilisha mapazia kila baada ya miaka miwili au mitatu, alipozeeka aliweza kutambua picha ni ya kipindi gani kwa kutazama kitambaa kilicho nyuma ya mteja. Nawe geuza picha ya bibi uone kama kuna muhuri wa studio, kisha utafute kwa jamaa na majirani picha nyingine zenye muhuri huohuo na pazia hilohilo. Ikipatikana hata moja iliyoandikwa tarehe, tuseme ya harusi au ya Idi, utakuwa umekaribia mwaka unaoutafuta. Usiibandue kwenye kadi yake, na maelezo yoyote unayotaka kuongeza yaandike kwenye karatasi ya pembeni, si juu ya picha.