Je, naweza kutiwa moyo na Mungu peke yangu, bila jumuiya?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Baba Mchungaji. Mimi ni muuguzi katika kituo cha afya kijijini, na nina miaka miwili tangu nihamishiwe huku, mbali na nyumbani. Zamu za usiku ni nyingi kwa kuwa watumishi ni wachache. Kila asubuhi napokea mistari ya Biblia kwenye simu kutoka makundi manne ya WhatsApp, na mahubiri ya redioni nayasikiliza, lakini moyo wangu umepoa na sala imekuwa nzito. Ibada ya jumuiya niliacha kwenda tangu Pasaka. Kila nilipofika niliulizwa mbona sionekani, kisha likasomwa deni langu la ahadi mbele ya watu. Je, kukata tamaa ni dhambi? Je, Mungu hawezi kunitia moyo mwenyewe nikiwa chumbani kwangu? Na kama ni lazima nirudi jumuiyani, je, nimalize kwanza deni?

JIBU: Dada yangu katika Bwana, amani iwe nawe, na pole sana kwa kazi. Kabla sijafungua Maandiko, ni haki yako usikie jambo hili kutoka kwa mtumishi wa Kanisa: mtu aliyetoka zamu ya usiku akaunganisha moja kwa moja na ibada ya jumuiya saa kumi na mbili asubuhi, kisha akasomewa deni kabla hajaulizwa ameamkaje, ametendewa vibaya, na sisi tunaowafundisha viongozi wa jumuiya tuna sehemu yetu katika kosa hilo.

Swali lako la kwanza halihitaji maneno mengi. Kuchoka na kuvunjika moyo si dhambi, ingawa ni mahali ambapo dhambi hupata mlango kwa urahisi. Eliya alikuwa nabii wa Mungu aliye hai, naye alikaa chini ya mretemu jangwani akaomba afe (1 Wafalme 19). Malaika aliyetumwa kwake hakumkemea. Alimgusa, akampa mkate na maji, akamwacha alale tena, kisha akamwamsha ale mara ya pili, kwa sababu safari iliyokuwa mbele yake ilikuwa kubwa kuliko nguvu zake. Nakuomba usilipite jambo hili haraka kwa kuwa linahusu mwili. Muuguzi asiyelala usingizi wa kutosha wiki baada ya wiki huona sala imekuwa nzito, akadhani imani yake inakufa, kumbe sehemu ya uzito huo ni uchovu ambao Mungu mwenyewe aliutibu kwa chakula na usingizi kabla ya kusema neno lolote juu ya utume. Hata hivyo, Eliya alipofika Horebu alilalamika kwamba amesalia yeye peke yake, na kwa lalamiko hilo alipewa majibu mawili: kwamba walikuwapo watu elfu saba wasiompigia Baali magoti, na kwamba aende akamtie mafuta Elisha, ambaye akawa mwenzake njiani. Upweke wake Mungu aliuponya kwa kumpa mtu.

Hapo ndipo linapoingia swali lako la pili, ambalo ndilo zito. Je, Mungu hawezi kukutia moyo chumbani kwako? Anaweza, na mtu asikuambie vinginevyo. Siku mji wa Siklagi ulipochomwa moto na watu wake mwenyewe wakataka kumpiga mawe, Daudi hakuwa na rafiki wa kumwegemea, naye akajitia nguvu katika Bwana, Mungu wake (1 Samweli 30:6). Zipo saa za namna hiyo, na katika kazi yako pengine umezipitia usiku ukiwa peke yako na mgonjwa anayekata roho. Lakini Daudi huyo huyo, alipokuwa akiwindwa na Sauli mwituni huko Zifu, aliendewa na Yonathani, mwana wa Sauli, aliyemtia nguvu mkono wake katika Mungu (1 Samweli 23:16). Yaani Yonathani aliacha jumba la mfalme, akaingia porini kwa miguu yake kumtafuta mtu ambaye baba yake alitaka kumwua. Nikiyasoma Maandiko yote kwa pamoja naona kwamba njia ya Siklagi ipo kwa ajili ya siku ya dharura, na njia ya Zifu ndiyo Mungu anayoitumia siku nyingi. Paulo aliyezoea njozi na mafunuo anasema waziwazi kwamba Mungu, mwenye kuwafariji wanyonge, alimfariji kwa kuja kwake Tito (2 Wakorintho 7:6). Mfariji ni Mungu, na faraja yake ilikuja na vumbi la safari miguuni.

Mfano ninaoupenda kuliko yote uko katika safari ya Paulo kwenda Rumi. Alipowaandikia Wakristo wa mji ule, kabla hajawahi kuwaona, alisema kwamba anatamani kuwafikia ili wafarijiane, yeye na wao, kila mtu kwa imani ya mwenzake (Warumi 1:12). Mtume mkuu anakiri kwamba anaihitaji imani ya waumini ambao majina ya wengi wao hata hayajui. Miaka kadhaa baadaye akaenda kweli, akiwa mfungwa, baada ya kuvunjikiwa na merikebu. Ndugu wa Rumi waliposikia habari zake wakatoka kumlaki, wengine mpaka Mikahawa Mitatu, umbali wa kilomita zipatazo 50, wengine mpaka Soko la Apio, kilomita zipatazo 65. Luka anasema kwamba Paulo alipowaona alimshukuru Mungu, akachangamka (Matendo 28:15). Hakuandika walichosema. Hatujui kama walimsomea zaburi, kama walimwombea au kama walimletea chakula. Tunajua tu kwamba alipowaona wamesimama barabarani, moyo wake uliinuka. Hiyo ndiyo faraja ambayo chumba chako hakiwezi kukupa, dada yangu, hata kikijaa sala.

Sasa niseme juu ya neno lenyewe, kwa sababu nadhani hapa ndipo jumuiya nyingi zimepotea njia. Katika Kigiriki cha Agano Jipya neno la kutia moyo ni parakaleo, ambalo asili yake ni kumwita mtu aje karibu nawe, na kutokana nalo Roho Mtakatifu anaitwa Parakletos, ambaye katika Biblia yetu ni Msaidizi (Yohana 14:16). Watafsiri wa Biblia ya Kiswahili ya Union waliligawa neno hili katika maneno kadhaa kulingana na mahali lilipo. Barnaba anaitwa Mwana wa faraja (Matendo 4:36), na Wathesalonike wanaambiwa wafarijiane (1 Wathesalonike 5:11). Lakini Waebrania 3:13 inasema tuonyane kila siku, na Waebrania 10:25 inasema tusiache kukusanyika pamoja, bali tuonyane. Ni neno lile lile. Zamani kuonya kulikuwa na maana ya kumfanya mtu aone, kumwonyesha njia, maana linatoka katika kuona, kwa hiyo watafsiri hawakukosea. Ila masikio ya leo yanaposikia kuonya yanasikia karipio, basi mzee wa kanisa anayesoma Waebrania 10 anaweza kuamini kwa moyo safi kwamba anatimiza Neno la Mungu anapokuuliza kwa ukali mbona huonekani. Mstari unaotangulia huo unasema tuangaliane sisi kwa sisi na kuhimizana katika upendo na kazi nzuri. Kuangaliana ndiko kunakotangulia. Asiyemwangalia mwenzake akaona macho yake mekundu kwa kukesha hajapata bado haki ya kumwonya.

Kuhusu mistari ya kwenye simu, usiidharau, na usijilaumu kwamba haikushibishi. Desturi ya kuwapelekea Wakristo neno moja la kila siku ni ya zamani. Mwezi Mei mwaka 1728, katika kijiji cha Herrnhut nchini Ujerumani, Zinzendorf, kiongozi wa Wamoravian, alianza kuwapa watu wake neno la kushika kwa siku inayofuata, na kuanzia mwaka 1731 maneno hayo yamepigwa chapa kila mwaka hadi leo. Ni Wamoravian hao hao ambao mwaka 1891 walifika Rungwe, na ndugu zetu wa Mbeya wanaujua urithi huo vizuri kuniliko. Lakini mwanzoni neno lile halikuwa limechapwa popote. Ndugu mmoja alilibeba asubuhi kutoka nyumba hadi nyumba, nyumba zote 32 za kijiji, akabisha hodi, akalitamka, akaona nani mgonjwa na nani ana huzuni. Simu imehifadhi mstari, na yule aliyebisha hodi amebaki nyuma. Ukipokea mistari minne kila asubuhi, na hakuna hata mmoja kati ya walioituma anayejua kwamba jana usiku ulimpoteza mtoto mchanga mikononi mwako, njaa unayoisikia ni ya haki kabisa.

Nikupe pia mfano wa karibu na kwetu, tena wa watu wa kazi yako. Mwaka 1929 daktari Mwingereza wa hospitali ya Gahini nchini Rwanda, Joe Church, alifika Kampala akiwa amechoka mwili na roho, baada ya njaa kubwa iliyoipiga nchi ile. Katika kilima cha Namirembe alikutana na Mganda aliyeitwa Simeoni Nsibambi, wakakaa pamoja wakisoma Maandiko na kuomba. Watu wawili na Biblia. Kutoka hapo yalianza mambo ambayo katika miaka ya 1930 yaligeuka kuwa Uamsho wa Afrika Mashariki, ulioenea Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika, na wimbo wake wa Tukutendereza ukaimbwa hata na wasiojua Kiganda. Baadaye mtumishi mmoja wa hospitali hiyo hiyo, Yosiya Kinuka, aliyekuwa amevunjika moyo na kazi, alikwenda naye kumwona Nsibambi. Nsibambi alizisikiliza lawama zake juu ya hali ya hospitali, kisha akamwelekeza autazame moyo wake mwenyewe, na Kinuka akatubu na kurudi Gahini mtu mpya. Katika ziara hiyo faraja na maonyo vilikuwa kitu kimoja, kwa sababu aliyeonya alikuwa amekaa chini kwanza akasikiliza. Sina maana kwamba kila jambo la Uamsho lilikuwa jema, maana palikuwa pia na ukali na kuhukumiana; lakini ule ushirika mdogo wa watu wanaoambiana ukweli wa mioyo yao na kuombeana ndio ulioweka moto huo ukiwaka kwa miaka mingi.

Basi ufanye nini wewe ambaye zamu hazikuachii Jumamosi asubuhi? Tafuta mtu mmoja kabla ya kutafuta kundi. Katika kituo chenu hukosi mwenzako mwenye hofu ya Mungu, awe mhudumu wa usafi au mlinzi wa getini, na si lazima awe wa dhehebu lako. Mwambie wazi: naomba tuwe tunaombeana dakika tano wakati wa kupokezana zamu. Mnapokabidhiana wagonjwa kwenye daftari la ripoti, kabidhianeni pia mizigo yenu mbele za Bwana, mkisoma mstari mmoja kati ya ile iliyokujia kwenye simu. Hapo mstari utakuwa umepata tena mtu wa kuubeba. Jambo la pili linaweza kukushangaza. Wewe unayesema umekauka, unawafariji watu kila siku bila kulihesabu. Unaposhika mkono wa mzazi akiwa katika uchungu ukamwambia jikaze mama, niko hapa, unafanya tendo ambalo Kigiriki kingeliita parakaleo, maana umesimama karibu na aliyeita. Anza kuyafanya hayo kwa kujua, ukimtaja Kristo moyoni mwako unapoyafanya, nawe utaona kwamba Paulo hakukosea aliposema tunafarijiwa ili tupate kuwafariji wengine (2 Wakorintho 1:4), na kwamba mara nyingi faraja humrudia aliyeipeleka.

Na jumuiyani urudi. Siwezi kukuambia kinyume cha hapo, kwa kuwa Waebrania haikuweka sharti kwamba mkusanyiko uwe mzuri kwanza ndipo tusiuache, na kwa kuwa yumkini katika nyumba hizo kumi au kumi na tano yumo mama mwingine ambaye amesomewa deni akanyamaza, naye anangoja mtu wa kumwangalia. Nenda siku zamu inapokuruhusu, hata mara moja kwa mwezi. Ukiulizwa mbona huonekani, jibu kwa upole na kwa kweli yote: nilikuwa kazini, na nilikuwa nimevunjika moyo, naomba mniombee. Wengi wanaouliza kwa ukali hawajawahi kupewa jibu la namna hiyo, na sijui jumuiya ambayo ingelisikia ikaendelea na daftari.

Kuhusu deni, hapana, usingoje kulimaliza. Ahadi ni sadaka ya hiari uliyoiweka mbele za Mungu kwa kadiri ya ulichotegemea kupata, na kama mwaka huu hali imekuwa nyingine una haki ya kumwona mzee wa kanisa faraghani, au mchungaji wa usharika wako, ukamwambia kiasi unachoweza na kiasi usichoweza. Mwombe pia, kwa heshima, kwamba orodha ya madeni isisomwe tena kwenye ibada ya jumuiya. Akikataa, mpelekee mchungaji jambo hilo, na Jumamosi isiyo na zamu uende ibadani kama kawaida.