Kocha, Mbona Muziki Unanikata Pumzi?

SWALI: Shikamoo kocha. Mi nakimbia asubuhi siku tatu kwa wiki, nusu saa hivi, na siku zote naweka nyimbo zinazovuma maana rafiki zangu wanasema ndo zinapandisha mzuka. Sasa mbona dakika ya kumi tu pumzi inakata, ila siku nikisahau simu nafika vizuri tu? Tatizo ni nyimbo au ni mimi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Pumzi yako haina shida, ni hizo nyimbo ndo zinakukimbiza kwa mwendo usio wako. Wimbo unaovuma umetengenezwa watu wacheze, haujui mwendo wako ukoje. Na mwili una tabia ya kufuata mdundo hata hujauambia, si unaona hata umekaa zako mguu unagonga sakafu wenyewe, sasa mdundo ukiwa juu ya mwendo wako unaongeza kasi bila kujijua, dakika kumi tu akiba yote imeisha.

Kesho fanya hivi. Toka bila muziki, kimbia mpaka mwili upate moto na mwendo utulie, yaani ule ambao bado unaweza kuongea sentensi fupi, halafu angalia saa uhesabu mguu wa kulia unakanyaga mara ngapi kwa sekunde 30. Tuseme umepata 40, zidisha kwa 4 maana miguu ni miwili na dakika ina sekunde 30 mara mbili, hizo ni hatua 160 kwa dakika. Ukirudi kaa na nyimbo zako moja moja, gonga meza kwa kidole kila biti inapodunda, hesabu sekunde 15 uzidishe kwa 4. Wimbo wa biti 160 ni wako, na wa biti 80 pia ni wako kwa sababu kila biti inabeba hatua mbili, na hapa ndo watu wengi wanashangaa, wimbo waliokuwa wanauona wa polepole unakaa mguuni vizuri kuliko wa kelele. Wa biti 100 au 130 utagombana na miguu, uweke kwa siku ya kuinua vyuma. Ila uwe wimbo unaoupenda wewe, biti sahihi kwenye wimbo unaokuudhi haisaidii kitu.

Haya sijayatoa kichwani. Mwaka 1911 Leonard Ayres wa Marekani aliandika kuhusu mbio za baiskeli za siku sita, bendi ikipiga waendeshaji walienda kama kilomita 31.5 kwa saa, ikinyamaza kama 28.8. Mwaka 2012, Costas Karageorghis wa Chuo Kikuu cha Brunel, London, na wenzake waliwapima waendesha baiskeli wakakuta wanaokanyaga sawasawa na mdundo wanatumia oksijeni pungufu kwa kama asilimia 7, ukilinganisha na walivyosikiliza muziki wa polepole usioendana na mwendo wao. Kazi ileile, hewa kidogo.

Jambo moja naomba ulishike sana. Muziki unapunguza kuhisi uchovu ukiwa kwenye mwendo wa kawaida, lakini ukipanda kilima au ukichomoka kwa kasi yako yote mwili unapiga kelele kuliko wimbo wowote, moyo unafurahi ila uchovu uko palepale, kwa hiyo usije ukadhani umekosea tena kuchagua. Na ukimaliza usizime ghafla, weka wa taratibu ukitembea dakika tano.

SWALI: Kocha, kwenye mashindano naruhusiwa kuvaa hedifoni?

JIBU: Mbio za uwanjani zinazofuata sheria za World Athletics, yaani shirikisho la riadha duniani, hapana, inahesabika kama kusaidiwa. Mbio za barabarani za watu wa kawaida inategemea waandaaji, soma masharti kabla hujajiandikisha, na fanya mazoezi siku moja moja bila muziki ili siku hiyo usijihisi umepotea.

SWALI: Sauti niweke juu kiasi gani? Nikipunguza naona mzuka unashuka.

JIBU: Kinachokubeba ni mdundo, ukubwa wa sauti unaongeza kidogo tu na masikio yakishaharibika hayarudi. Shirika la Afya Duniani linasema desibeli 80 zisizidi saa 40 kwa wiki, na kadiri unavyopandisha saa zinapungua haraka sana. Kama mtu aliye hatua moja kutoka kwako anakuita husikii, punguza hapohapo. Na ukikimbilia barabarani acha sikio moja wazi, tafadhali, gari haliji kwa biti.