Szmodics: miaka 28, bao la dakika ya 7 pale Etihad, na bibi mzaliwa wa Ireland

Mleta mada ameuliza mambo mawili: inakuwaje mshambuliaji Sammie Szmodics, mzaliwa wa Colchester kule England, aichezee Ireland, na inakuwaje mtu afike Ligi Kuu ya England akiwa na miaka 28 halafu afunge mara ya kwanza tu anapoanza. Wachangiaji wengi hapo juu wameshasema ni bahati. Mimi sikubaliani.

Tuanze na soka. Szmodics alizaliwa Septemba 1995 na amekulia kwenye akademi ya Colchester United. Mwaka 2019 alikwenda Bristol City, hakupata namba, akapelekwa Peterborough kwa mkopo na baadaye wakamnunua kabisa. Msimu wa 2020/21 Peterborough walipanda kutoka League One, daraja la tatu la England, lakini mtu aliyekuwa anaimbwa pale ni Jonson Clarke-Harris, aliyefunga mabao 31 ya ligi. Szmodics alicheza nyuma yake, yule namba kumi anayefanya kazi nyingi isiyoonekana kwenye karatasi ya takwimu. Agosti 2022 akaenda Blackburn na msimu wa kwanza akafunga mabao 5 tu ya ligi.

Msimu uliofuata akafunga 27 na kuwa mfungaji bora wa Championship, daraja la pili, kwenye timu iliyomaliza nafasi ya 19! Kilichobadilika zaidi ni umbali wake na goli. Blackburn hawakuwa na mshambuliaji wa kutegemewa, hivyo alisogezwa juu, mara nyingine akawa yeye ndiye mtu wa mwisho mbele. Kukimbia kwake ni kulekule kwa siku zote. Safari hii kulikuwa kunaishia ndani ya boksi. Siku ya mwisho ya ligi, Mei 2024, Blackburn walikuwa bado wanapambana wasishuke, wakaenda kwa Leicester waliokwishatwaa ubingwa na kushinda 2-0. Mabao yote mawili ni yake.

Ukitaka kumsoma vizuri, acha kuangalia mpira. Mwangalie yeye wakati mpira uko pembeni. Hakimbilii nguzo ya kwanza pamoja na mshambuliaji. Anabaki nje kidogo ya boksi, anasubiri beki ageuze shingo kufuata mpira, ndipo anaingia kwenye uwazi ulioachwa. Si mrefu, kwa hiyo akiingia mapema anamezwa na mabeki. Akichelewa nusu sekunde, pasi inampita. Hapo ndipo umri unasaidia: mkimbio huu hautegemei mbio za miguu peke yake, unategemea kuwa umeshaurudia mara nyingi mno kwenye viwanja vya League Two (daraja la nne) na League One. Kijana wa miaka 19 mwenye kasi kumzidi kwa kawaida huingia mapema.

Ipswich walimsajili Agosti 2024 baada ya kupanda madaraja mawili mfululizo chini ya kocha Kieran McKenna. Kuna jambo la kiofisi ambalo watu hulisahau. Orodha ya Ligi Kuu ni wachezaji 25, na wasiolelewa nchini hawazidi 17. Kulelewa nchini maana yake ni kusajiliwa na klabu ya England au Wales kwa misimu mitatu kabla ya kufikisha miaka 21. Uraia wala timu ya taifa haihusiki. Szmodics anavaa jezi ya Ireland, lakini kwenye orodha ile alihesabika mchezaji wa nyumbani, na hakuhitaji kibali cha kazi. Kwa timu iliyopanda daraja, hilo lina thamani.

Agosti 24 wakaenda Etihad, uwanja wa Manchester City. Dakika ya 7 akafunga, bao la kwanza la Ipswich Ligi Kuu tangu 2002. Halafu yakaja maafa, City wakafunga matatu haraka: penalti ya Haaland dakika ya 12, De Bruyne dakika ya 14, Haaland tena dakika ya 16. Mechi ikaisha 4-1. Lile bao liliwapa Ipswich ujasiri wa kuendelea kupasiana kutoka nyuma, na City ndiyo timu inayosubiri kosa hilo hasa. Ukiongoza pale mapema, piga mipira mirefu kwa dakika kumi, pumua, halafu rudi kwenye mpango wako.

Sasa Ireland. Bibi yake alizaliwa kule, na kanuni za FIFA zinakubali mchezaji ambaye mzazi, babu au bibi yake wa damu alizaliwa nchini husika. Lakini hiyo ni nusu tu, uraia lazima uwepo kwanza. Aliyezaliwa nje na mzazi mzaliwa wa Ireland ni raia moja kwa moja, anaomba pasipoti tu. Kama ni babu au bibi, unajiandikisha kwenye rejista ya waliozaliwa nje, iliyo chini ya wizara ya mambo ya nje kule Dublin: vyeti halisi vya kuzaliwa vya vizazi vyote vitatu, pamoja na vyeti vya ndoa pale jina lilipobadilika. Uraia unaanza siku ya kuandikishwa, haurudi nyuma. Akacheza mechi yake ya kwanza dhidi ya Ubelgiji, Machi 2024 pale Dublin, 0-0.

Na kwa aliyeuliza inakuwaje kiungo Declan Rice alihama kutoka Ireland kwenda England: aliichezea Ireland mechi 3, zote za kirafiki, ndiyo maana aliweza kuhamia England mwaka 2019. Mechi moja ya mashindano ya wakubwa ingebadilisha hesabu kabisa kwa kanuni za wakati ule. Kanuni zililegezwa 2020: sasa hata aliyecheza mechi za wakubwa zisizozidi 3 kabla ya kutimiza miaka 21 anaweza kuhama miaka 3 ikishapita, ila siyo kama aliingia kwenye fainali za Kombe la Dunia au za bara lake.