Umeanguka na baiskeli ya umeme? Usiuamini mkono usiouma sana

Juzi msomaji mmoja aliniandikia. Ameanguka na baiskeli ya umeme, kifundo cha mkono kimevimba kidogo, eksirei haioneshi kitu. Je, aendelee kuendesha? Nilisoma ujumbe ule mara tatu huku nimeushika mkono wangu wa kulia.

Baiskeli za kawaida nimeziendesha miaka mingi, na nilikuwa hodari, sitaficha. Nilipopanda ya umeme nikadhani ni ileile, imeongezewa nguvu tu. Niliingia kwenye kona yenye mchanga na mwendo wa kilomita 25 kwa saa. Nikaacha kukanyaga pedali nikitegemea itapunguza yenyewe, lakini mota ikasukuma kidogo tena, gurudumu la mbele likateleza. Nikatanguliza kiganja. Chuma cha kilo 25 kikanilalia mguuni. Changarawe tatu zilikuwa zimezama kwenye nyama chini ya dole gumba, nikazitoa mojamoja kwa kucha.

Watu walikuwa wananitazama. Kwa aibu niliinuka upesi, nikasema sijaumia.

Hospitali nilikokwenda walipiga picha moja ya eksirei, wakaniambia ni mteguko. Hilo linaniuma mpaka leo. Hakuna aliyenibonyeza kile kishimo kinachojitokeza upande wa dole gumba ukilinyoosha. Ndani yake umo mfupa mdogo uitwao skafoidi, na ufa wake mara nyingi hauonekani kwenye picha ya kwanza. Kishimo kikiuma, mkono hufungwa kama uliovunjika, kisha picha hurudiwa baada ya siku 10 hadi 14. Damu huufikia mfupa huo kwa shida. Ukicheleweshwa, sehemu yake inaweza kufa. Mimi nilirudi wiki ya saba. Nikapasuliwa, nikafungwa skrubu, na hadi leo siwezi kuegemea kiganja hicho ninapoinuka kitini.

Ndugu zangu, tunapenda mwendo, najua. Lakini mwendo ukitoka 15 kufika 25, nguvu unayoanguka nayo inakaribia mara tatu. Shika breki kabla ya kona, usisubiri mota ijizime. Vaa kofia ngumu na ufunge mkanda wake. Ikishagonga chini, hata kama huoni ufa, nunua nyingine. Na breki, narudia, kabla ya kona! Ukijigonga kichwa kisha ukatapika, ukasinzia kuliko kawaida au maumivu yakazidi, nenda hospitali saa hiyohiyo, usiende kulala kwanza. Aibu ya kutazamwa huisha jioni ileile.

Na wewe uliyeniandikia, nyoosha dole gumba sasa hivi, bonyeza kile kishimo. Kikiuma, iache baiskeli, rudi kwa daktari leo, umwambie ulitanguliza kiganja na umwoneshe kwa kidole mahali penyewe. Akisema picha ni safi, muulize itarudiwa lini, na mkono utafungwa na nini hadi siku hiyo.